Kabla Hujapiga Windows: Kompyuta ya Dukani Inapoanza Kulalamika

Mteja akiingia na kompyuta kwapani, neno la kwanza huwa ni lile lile: "Fundi, nipigie Windows upya," yaani ifutwe iwekewe Windows mpya. Nami humjibu kwa swali: kopi ya kazi zako iko wapi? Hapo ndipo kimya kinapoingia.

Kupiga Windows kunafuta dalili tu. Hakukuambii mlango upi uliachwa wazi, na mara nyingi kunaondoka na daftari la madeni, bei za jumla na barua za miaka mitatu. Nimewahi kupokea mashine ile ile baada ya siku tisa, ugonjwa ule ule, kwa sababu flashi iliyouleta ilikuwa bado inaning'inia kwenye funguo za mwenye duka.

Ninayoyaandika hapa ni ya duka dogo: steshenari, duka la dawa, la vipuri, saluni yenye kompyuta moja mezani. Mashine hiyo moja ndiyo inayopokea flashi za wateja, ndiyo inayofungua baruapepe ya biashara, ndiyo yenye WhatsApp ya duka, na jioni mtoto anachezea gemu. Nimeyapanga kwa malalamiko, jinsi watu wanavyoyasema wanapofika mlangoni kwangu.

Lakini malalamiko yawe yoyote, anza hivi. Chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi. Chomoa eksitenali (diski ya nje) na flashi zote. Piga picha ya skrini kwa simu, maana ujumbe ulioandikwa pale ndio utakaotuambia ugonjwa gani. Usiingie benki wala baruapepe kwa mashine hiyo. Na kama unaona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kabisa. Wachunguzi wa makosa ya mtandao watakuambia usizime, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine inaweza kuwa na ushahidi. Wana haki yao, ila wao wana maabara. Wewe una mafaili elfu kumi yanayoliwa moja baada ya jingine. Zima.

"Folda zangu zote zimegeuka shotikati"

Huu ndio ugonjwa wa kwetu. Ukifungua flashi unakuta folda zina kimshale pembeni, kila moja ina ukubwa wa KB 1 au 2, au flashi nzima ina alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Mtu anadhani kazi zake zimefutwa. Hazijafutwa. Kirusi kimezipa folda halisi hali ya kufichwa, kisha kikaweka shotikati, alama tu inayoelekeza kwenye kitu kingine, yenye jina lile lile. Ukiibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini nyuma yake kuna hati ndogo ya amri (skripti) imeshaingia kwenye mashine yako. Mwaka 2011 Microsoft walipozima tabia ya flashi kujiendesha yenyewe hata kwenye XP na Vista, watengeneza virusi walibaki na njia moja, nayo ni kidole chako. Shotikati ndiyo mtego wa kidole hicho.

Swali la kwanza ni nani mgonjwa: flashi au mashine? Chukua flashi tupu, ifomati kwenye mashine unayoiamini, iwekee folda mbili za mchezo, kisha ichomeke kwenye mashine inayoshukiwa na usubiri dakika tano. Zikigeuka shotikati, mashine ndiyo inayoambukiza, na kusafisha flashi za wateja ni kuteka maji kwa pakacha. Zisipogeuka, mgonjwa ni flashi iliyoletwa.

Mashine ikiwa mgonjwa, isafishe kwanza. Fungua Windows Security, kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ingia sehemu ya kinga ya virusi, na katika aina za skani chagua ile yenye neno "Offline". Mashine itazima na kuwaka, itajikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kazi ya kama robo saa. Skani ya kawaida mara nyingi hukosa, kwa sababu kirusi kinakuwa kimeshaamka na kinalindana na wenzake. Ukimaliza, fungua Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, nenda kwenye orodha ya vinavyoanza na mashine, na tafuta kitu kinachoitwa wscript (kiendesha skripti cha Windows) au jina la herufi zisizo na maana. Kizime, na uangalie kinatokea folda gani.

Baada ya hapo ndipo urudishe kazi za mteja. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, na kama flashi imepewa herufi F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Amri hiyo inaondoa hali ya kufichwa na ile hadhi ya "faili la mfumo", na inaingia mpaka folda za ndani. Folda halisi zitatokea. Futa shotikati, futa na hati yoyote yenye mkia wa .vbs au .js ambayo mwenye flashi haijui. Ukikuta folda isiyo na jina kabisa, kama pengo tupu, usiifute: baadhi ya virusi vya aina hii hukusanya mafaili yote ya mtu na kuyatia humo ndani. Nimeshuhudia kijana wa steshenari akimsaidia mwanafunzi kwa kufomati flashi "iliyokuwa tupu". Tasnifu nzima ilikuwa imo ndani.

Wengi hukichukulia kirusi hiki kama mafua, kinakuja kinapita. Mimi sikichukulii hivyo. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza juu ya kampeni ya ujasusi iliyokuwa ikisafiri kwa flashi, na maambukizi mengi yalianzia Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Maduka ya kuchapisha na vibanda vya intaneti yalitajwa kuwa mahali flashi hizo zinapokutana. Yaani mashine ya steshenari ni stendi ya mabasi. Anayeshuka pale huwezi kujua anaelekea ofisi gani.

Dawa ya kudumu kwa steshenari ni mashine ya pili. Haihitaji kuwa nzuri. Ile desktopu ya zamani iliyolala stoo, iwekee Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ambao ni bure, na iwe ndiyo pekee inayopokea flashi. Hati zilizoandikwa kwa ajili ya Windows hazitaamka pale, na folda zilizofichwa utaziona wazi bila amri yoyote. Chapisha kutoka hapo hapo. Mashine yenye hesabu za duka isiguswe na flashi ya mgeni kamwe. Kama huna mashine ya pili, mwambie mteja atume kazi kwa baruapepe ya duka. Atalalamika kuhusu bando, lakini atazoea.

"Mafaili yameota mkia na hayafunguki"

Kwanza tuhakikishe ni hilo. Faili moja tu likikataa kufunguka, mengine yakawa mazima, tuhuma iende kwa umeme uliokatika katikati ya kuhifadhi, au flashi iliyochomolewa kwa pupa. Hilo halina mwizi. Lakini picha, Word na Excel zote zikiwa zimeongezewa herufi mpya mwishoni mwa jina, na kila folda ina faili la maelezo ambalo hukuliandika, umetekwa: mafaili yamefungwa na mtu anadai fidia ili ayafungue.

Sasa soma kinachosemwa, kwa sababu aina zinatofautiana na mlango wa kuingilia unatofautiana.

Faili la maelezo likiitwa _readme.txt na likidai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72, huyo ni yule anayejulikana kwa jina la STOP au Djvu. Matoleo ya baadaye yalipandisha hadi 999 na 499. Huyu hachagui kampuni kubwa. Anawinda watu wa kawaida, na chambo chake ni programu za wizi: kiwashia cha Windows (programu ya kuiwasha bila leseni), Office "iliyokrakiwa", Photoshop ya bure. Nikimwuliza mteja kama kuna kitu alipakua siku hiyo, jibu huwa hapana. Nikifungua historia ya kivinjari, lipo. Na maelekezo ya kile kiwashia huwa yamemwambia azime antivairasi kwanza, naye akazima kwa mkono wake mwenyewe.

Tazama ile namba ya utambulisho iliyo mwisho wa _readme.txt. Ikimalizika kwa t1, kirusi hakikufanikiwa kuwasiliana na mabwana zake, kikatumia ufunguo uliokuwa umeandaliwa kabla, na huo unaweza kupatikana. Kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua mwezi Oktoba 2019, iliyoweza kushughulikia aina 148 za kirusi hiki. Kwa aina mpya zaidi zana hiyo inasaidia tu pale ufunguo wa t1 ulipokwisha kupatikana. Isipomalizika kwa t1 na ni aina mpya, usimpe pesa mtu anayekuambia ana "programu maalumu". Wengi wao wanakwenda kujadiliana na mtekaji halafu wanakuongezea bei.

Kuna faraja ndogo ambayo wengi hawaijui. Kirusi hiki kina haraka, hivyo hufunga sehemu ya mwanzo tu ya kila faili, kama KB 150. Faili dogo la Word limekwisha. Lakini video ya harusi ya GB 2 imeharibiwa kichwa tu, mwili uko salama, na zipo zana za kurekebisha video na sauti za namna hiyo. Faili la zip nalo: hupoteza kilichokuwa cha kwanza ndani yake, vingine mara nyingi hutoka vizima. Fanya majaribio hayo kwenye kopi, kamwe si kwenye faili lenyewe.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau wakiwa wanalilia mafaili: kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kwa simu au mashine nyingine, badilisha nywila ya baruapepe, kisha ya benki, kisha nyingine zote. Ukisubiri hadi mashine ipone, utakuta baruapepe nayo imeshahama.

Jina la faili likiwa na anwani ya baruapepe ndani yake pamoja na namba ya utambulisho, hapo mgeni ni mwingine, ukoo wa Dharma au Phobos. Hawa kwa kawaida hawaji kwa kiwashia. Wanaingia kwa mlango wa kuendesha mashine kutoka mbali, ule wa namba 3389, ulioachwa wazi kwenye rauta ili bosi aone mauzo akiwa nyumbani. Mtu amekaa huko aliko anajaribu nywila usiku kucha, na nywila ilikuwa jina la duka na 123. Dalili yake ni kwamba mashambulizi hutokea usiku au wikiendi, antivairasi inakutwa imeondolewa, na kuna akaunti mpya ya mtumiaji ambayo hakuna aliyeifungua. Hapa kusafisha hakutoshi. Funga mlango huo kwenye rauta kwanza, maana anaufahamu na atarudi.

Mafaili yaliyofungwa usiyafute. Yanunulie diski ya bei rahisi, yaweke kabatini. Mwezi Julai 2025 polisi wa Japani walitoa zana ya bure ya kufungua mafaili ya Phobos na ndugu yake 8Base, na waliokuwa wamefuta yao kwa hasira hawakuwa na cha kufungua. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya antivairasi, ndiyo sehemu ya kwenda kuangalia kila baada ya miezi kadhaa.

"Imekuwa nzito, nadhani ina virusi"

Mara nyingi haina. Fungua Task Manager na usome safu za juu. Diski ikiwa imegota asilimia 100 huku prosesa inapumzika, una diski ya zamani ya kuzunguka inayochoka. Ukisikia na mlio wa "tik, tik", toa kazi zako leo, usingoje kesho. Kubadilisha na kuweka SSD, diski isiyozunguka, kutakufaa kuliko antivairasi yoyote. Kumbukumbu ikiwa imejaa, ni vichupo arobaini vya kivinjari. Feni ikinguruma, prosesa iko juu, na unapofungua Task Manager tu mambo yanatulia ghafla, hapo kweli shuku mchimbaji wa sarafu za mtandaoni: baadhi yao hujificha wakiona wanatazamwa. Piga ile skani ya Offline.

"Kila tovuti inasema si salama"

Tazama saa pale pembeni. Ikisema ni miaka kadhaa iliyopita, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa mashine imekufa, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo mashine inayoamini iko mwaka mwingine inavikataa vyote. Betri ni bei ya chakula cha mchana, na kazi ni ya dakika tano.

Tarehe ikiwa sahihi, na zinazokataa ni tovuti za antivairasi na za Microsoft peke yake, hilo si suala la betri. Fungua kwa Notepad faili liitwalo hosts, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwenye mashine isiyo na ugonjwa mistari yake karibu yote huanza na alama ya #. Ukikuta majina ya makampuni ya usalama yameorodheshwa humo, kuna aliyeyafungia njia makusudi, na Djvu ni mmoja wa wenye tabia hiyo.

"Kila saa inaniambia nina virusi vitano"

Vile vikaratasi vinavyochomoza kona ya chini kulia, vikikuhimiza ubofye usafishe mashine, kwa kawaida ni ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Ulikuwa unatafuta mechi ya kutazama, tovuti ikakuambia ubofye "Allow" kuthibitisha wewe si roboti. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya ruhusa za tovuti, kwenye arifa, na ufute majina yote usiyoyajua. Kwisha.

"Mteja anasema ameshalipa, sisi hatujaona pesa"

Hili halionekani kama tatizo la kompyuta, ndiyo maana linachelewa kufika kwa fundi. Mteja mkubwa, labda shule au mkandarasi, anaonyesha ankara yenye nembo yako, bei zako, hata kosa lako la tahajia. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Aliyeituma alikuwa ndani ya baruapepe yako kwa wiki kadhaa, anasoma, anasubiri ankara nono.

Usikimbilie kubadilisha nywila tu ukadhani umemaliza. Kwenye Gmail, ukiifungua kwa kompyuta, ingia mipangilio na kagua mambo mawili: je, barua zinapelekwa nakala kwenye anwani nyingine? Je, kuna kichujio kinachotupa moja kwa moja kwenye takataka barua zenye neno "malipo" au zinazotoka kwa mteja fulani? Vichujio hivyo hubaki vikifanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa, na ndivyo vilivyokuficha majibu ya mteja. Kisha shuka chini kabisa ya ukurasa wa barua, kulia, palipo na maelezo ya shughuli za mwisho za akaunti, uone imefunguliwa kutoka wapi na lini. Toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, weka nywila mpya, washa uthibitisho wa hatua mbili.

Wakati huo huo mwingine awe kwenye simu na benki. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Pesa ikishatolewa taslimu hakuna kitufe cha kuirudisha. Na toka siku hiyo muwekeane utaratibu na wateja wakubwa: akaunti ikibadilika, atapiga simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara mpya.

WhatsApp ya duka ina ugonjwa ndugu na huu. Mtu anajifanya mteja, anaomba "ile namba ya tarakimu sita iliyokuja kwako kimakosa". Ukimpa, akaunti ni yake, na baada ya dakika kumi anawaomba wateja wako pesa. Ukiwahi kujisajili upya kwa laini yako anatoka. Lakini akishaweka namba yake ya siri ya hatua mbili utangoja siku saba kabla ya kuingia. Weka ya kwako leo. Angalia pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, maana kijana aliyeacha kazi mwezi wa pili anaweza kuwa bado anasoma oda zenu akiwa kwao. Kwa Tanzania, jumbe za "ile hela tuma namba hii" unaweza kuzipeleka 15040.

Folda ambayo hakuna anayeilalamikia

Nikifungua mashine ya steshenari yoyote, naingia folda ya Downloads kabla ya kitu kingine. Humo nakuta vitambulisho vya taifa vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, barua za talaka, vya watu mamia, tangu duka lifunguliwe. Mteja alituma kwa WhatsApp ichapishwe, akalipa, akaondoka, nafsi yake ikabaki pale. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Kenya ilitunga yake 2019. Lakini hata bila sheria, fikiria tu kirusi kinachoiba mafaili kikikuta ghala kama hilo. Futa kila jioni mnapofunga, na mwage na pipa la takataka la kompyuta. WhatsApp ya kompyuta izimwe kupakua picha zenyewe.

Hali ni hiyo hiyo unapouza mashine ya zamani. Kufuta mafaili na kufomati haraka kunaondoa orodha tu. Kazi zenyewe mara nyingi zinabaki kwenye diski na mtu mwenye zana ya bure anaweza kuzitoa. Toa diski ubaki nayo.

Sasa, lini upige Windows kweli

Pale ugonjwa unaporudi hata baada ya skani ya Offline. Pale mgeni alipokuwa na uwezo wa kuendesha mashine kutoka mbali. Na pale mwizi wa nywila alipopita. Hapo piga. Lakini kwanza washa mashine kwa flashi ya Linux, utoe nyaraka, picha na hesabu tu. Usibebe programu, usibebe shotikati, usibebe kitu chenye mkia wa .exe.

Windows yenyewe ipakuliwe kutoka Microsoft, kwa mashine isiyo na ugonjwa, iwekwe kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Ile DVD ya fundi iliyozunguka mtaa mzima, yenye Office na "vikorokoro vyote ndani", sijui mtu wa tatu aliyeigusa alitia nini. Na hapa nitasema jambo linalowaudhi mafundi wenzangu: ukimpigia mteja Windows kisha ukaiwasha kwa kiwashia kama KMSPico au ndugu zake, umefunga mlango wa mbele na kubomoa ukuta wa nyuma. Asiye na pesa ya leseni ya Office mwekee LibreOffice, ambayo ni bure. Barua ya kuomba mkopo haijui imeandikwa na programu gani.

Mashine zetu nyingi ni mtumba kutoka Ulaya na Dubai, zile OptiPlex na EliteDesk za prosesa za kizazi cha nne. Windows 11 inazikataa rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, nyongeza iliwekwa hadi Oktoba 13, 2026. Mashine isiyopata marekebisho inawaka vizuri tu, ndiyo hatari yake. Iondoe kwenye kazi ya benki na baruapepe, uipe Linux ipokee flashi.

Ukimaliza kupiga, fungua akaunti mbili: moja ya msimamizi, nywila yake iwe kwa mwenye duka, na nyingine ya kawaida kwa anayekaa mezani. Programu ngeni ikitaka kujiweka itaomba nywila ambayo kijana hana, na atalazimika kukupigia simu. Washa pia "Controlled folder access" ndani ya Windows Security. Inazuia programu isiyojulikana kugusa nyaraka zako. Itasumbua siku mbili tatu mpaka uzizoeshe programu zako. Na kama fundi aliacha AnyDesk, programu ya kuendesha mashine kutoka mbali, ili "akusaidie ukikwama", iondoe, hata kama fundi huyo ni mimi.

"Nilikuwa na kopi, lakini…"

Sentensi hii ina mikia minne niijuayo.

Mkia wa kwanza: eksitenali ilikuwa imechomekwa muda wote, ikatekwa pamoja na mashine. Kopi inayoishi kwenye mashine ni faili la pili tu. Nunua mbili, moja ya Jumatatu, moja ya Alhamisi, chomeka, nakili, chomoa. Moja ilale nyumbani, nyingine dukani, ili moto au mwizi asizikute pamoja.

Wa pili: kazi zilikuwa Google Drive, zikabadilika huko pia, kwa sababu kazi ya folda ile ni kufuatisha kila mabadiliko. Hapa kuna nafasi: Google hutunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30 au matoleo 100. Ingia kwa kivinjari, bofya faili, tafuta matoleo yake. Ni kazi ya kuchosha, faili kwa faili, lakini inawezekana ukiwahi.

Wa tatu ni wa kuuma: flashi ya "TB 2" iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Ndani yake ni GB 16 au 32, na kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Inapokea mafaili, inaonyesha majina yao, ila yaliyopita kiwango halisi hayapo popote. Ukinunua flashi, kabla ya kuiwekea chochote ipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw: inaijaza yote kisha inasoma ilichoandika. Muuzaji akikukataza kupima, umeshapata jibu.

Wa nne niliuona kwa mama mmoja mwenye duka la dawa. Alikuwa mwaminifu kuliko wateja wangu wote. Kila Alhamisi jioni alinakili hesabu zake kwenye flashi nzuri, halisi, na kuitia mkobani. Nikamwomba ajaribu kufungua faili moja la Machi kwenye kompyuta yangu. Halikufunguka. Nikatazama ukubwa: KB 2. Miezi saba alikuwa akinakili ile alama ya kwenye Desktop, shotikati ya kawaida isiyo na kirusi chochote, wakati faili lenyewe lilikuwa limetulia kwenye Documents. Mashine yake siku hiyo ilikuwa nzima, alikuja tu kununua wino. Tulikwenda dukani kwake tukanakili folda yenyewe, MB 340. Sasa kila mwisho wa mwezi huchagua faili moja bila kuangalia, analifungua kwenye kompyuta ya mwanawe, na kunitumia picha ya skrini.